Mzee Picha na Wino wa Kujazia

Meza ya kulia chakula haikuwa tena na nafasi ya kuweka sahani. Ilijaa vichupa vya wino, vyekundu, vya bluu, vya njano na vyeusi, kila kundi na duka lake, na katikati yao printa imefunuliwa kama mgonjwa anayekaguliwa koo. Mzee Picha alikuwa ameiinamia, anajaza katriji kwa bomba la sindano, tone kwa tone, ncha ya ulimi imemtoka pembeni mwa mdomo. Mkewe alikula chakula chake akiwa ameipakata sahani. Alikwisha kuzoea.

Jina hilo mzee alipewa na mtaa, na alilistahili. Alikuwa na studio karibu maisha yake yote, na mkewe ndiye aliyewachana watu nywele na kuwafuta jasho kabla hawajakaa kwenye kiti. Watoto wakakua wakahama, kila mtu akapata kamera kwenye simu yake, studio ikafungwa, naye mzee akahamia pale mezani na printa ndogo ya nyumbani. Majirani walimletea picha za harusi, za mahafali, za marehemu wao. Wino wa kampuni iliyotengeneza printa ulikuwa ghali wa kukausha mate, kwa hiyo akageukia wino wa kujazia, ule unaotengenezwa na watu wengine na kuuzwa kwenye vichupa. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

"Huu nao una njano," alisema, akiinua picha iliyotoka sasa hivi kuelekea dirishani. Ilikuwa picha ya mkewe. Siku zote wino mpya aliujaribia kwenye uso wa mkewe, kwa sababu, alisema, huo ndio uso pekee ambao rangi yake anaijua kwa moyo. "Tazama mwenyewe. Nimeongeza bluu, nimepunguza njano, bado unaonekana umefukizwa moshi."

Mkewe akaitazama. Alikuwa wa bluu. Mashavu ya bluu, midomo ya bluu, hata meno hayakusalimika.

"Mbona nzuri," alisema.

"Nzuri wapi? Unanivisha kilemba cha ukoka."

"Basi nipe niitundike. Mimi nimeipenda."

Akaitundika pamoja na zile nyingine. Ukuta mzima ulikuwa wa bluu: watoto wa bluu, wajukuu wa bluu, marehemu shemeji wa bluu amekaa na suti yake ya bluu, ambayo katika uhai wake ilikuwa ya kijivu. Wageni wakiingia walitazama ukuta, wakamtazama mama mwenye nyumba, naye aliwaambia waketi.

Yeye alijua. Alijua tangu mumewe alipoanza kumimina chai pembeni mwa kikombe, na tangu asubuhi moja alipomsikia akilisalimia koti lililotundikwa mlangoni. Jua likimpiga usoni, ukungu ulionekana wazi katikati ya mboni. Ulikuwa mtoto wa jicho, ugonjwa unaotia ukungu wa njano machoni. Mama yake mzazi aliupata, akaukana kwa ubishi mpaka akafa haoni mkono wake mwenyewe. Na mumewe kwa ubishi alikuwa hana mpinzani. Ukimtajia hospitali alikuuliza kwani amefariki nani.

Lakini si ubishi wa mzee uliomfunga mdomo. Jioni wakikaa pamoja, mumewe humtazama kwa muda akamwambia, "Wewe huzeeki. Sijui unakula nini cha siri." Naye baadaye huingia chumbani, akajitazama kwenye kioo: shingo iliyolegea, madoa yaliyomwagika mashavuni, mikunjo inayokimbilia mdomoni. Machoni mwa mumewe hapakuwa na hata kimojawapo cha hivyo, na alipapenda hapo machoni mwake. Alijua kwamba kila siku anayonyamaza, jicho linazidi kufunga, na kwamba iko siku mumewe hatamwona kabisa, si kijana si mzee. Aliyajua hayo yote, na bado akawa anasema mbona nzuri.

Mambo yaliharibika jirani yao mwalimu alipokuja kuchukua picha ya mwanawe mchanga. Aliishika, akaigeuza, akaipeleka mwangani. "Mzee wangu," alisema kwa adabu zake zote, "rangi naona haijakaa sawa. Mtoto kama anaumwa."

Akairudisha mikononi mwa Mzee Picha. Hakuna mteja aliyewahi kumrudishia picha maishani mwake. Mwalimu alipoondoka, alivaa kofia yake, akachukua kichupa na kile kifaa kidogo alichohifadhia picha.

"Huyu mwanamke ananiuzia maji," alisema. "Leo atanitambua."

Mkewe akavaa viatu akamfuata.

Mwanamke mwenyewe, mwenye duka la wino, aliitwa Mama Wino, na vidole vyake vilikuwa na madoa ambayo sabuni zote zilishindwa kuyatoa. Alimwamkia mzee, mzee akaitika marahaba huku akikigonga kichupa juu ya kaunta. Wateja wengine wakasogea wasikie.

"Huu wino umechakachuliwa. Una njano."

Mama Wino hakubishana. Alikichukua kichupa kilekile, akajazia printa yake, akatoa picha ileile ya mtoto wa mwalimu. Karatasi ikateremka taratibu. Mtoto alikuwa wa kahawia, mashavu yana damu, amefunikwa shali nyeupe pe.

"Mtoto mzuri," alisema mteja mmoja.

"Mnaona wenyewe?" alisema Mzee Picha. "Njano tupu. Hiyo shali imekuwa kama imemwagiwa chai."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kikohozi cha kufichia kicheko. Mama Wino aliitazama picha, akayatazama macho ya mzee, kisha akamgeukia mkewe, na mkewe akainamisha kichwa.

"Labda ni taa yangu hii, mzee wangu," Mama Wino alisema kwa upole. "Inadanganya sana."

"Si nilisema?"

Alitoka amejaa ushindi, amemshika mkewe mkono ili asianguke kwenye ngazi. Ngazi ya mwisho yeye mwenyewe hakuiona, na mkewe ndiye aliyemdaka.

Njiani moyo ulimuuma mkewe kuliko alivyotarajia. Mtu aliyekuwa akikesha kwa ajili ya rangi moja, asiyekubali kutoa picha yenye kasoro, leo duka zima lilikuwa limekubaliana kimyakimya kumdanganya. Kesho ungekuwa mtaa mzima. Na aliyewafundisha ni nani kama si yeye?

Walipofika nyumbani alipiga moyo konde. Alifungua pakiti mpya ya karatasi za picha, akatoa moja, akamweka mumewe dirishani na kumpa mkononi.

"Na hii je?"

"Hii ni ya wino wa wapi?"

"Niambie rangi kwanza."

Mzee aliisogeza karibu, akaiweka mbali. "Njano ileile. Imepungua kidogo, lakini ipo. Umeutoa duka gani?"

"Haijaingia kwenye printa, mume wangu. Ni karatasi tu. Haina hata tone."

Mzee aliigeuza upande wa pili. Akaipapasa kwa kidole gumba, akainusa. Kisha akakaa kwenye kiti, karatasi iko magotini, uso ameuelekeza dirishani.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Muda sasa."

"Na hizo za ukutani?"

"Zote za bluu. Mpaka paka."

Kicheko kilimponyoka kidogo, kikaishia njiani. "Na wewe ukazitundika."

"Ulinipa wewe."

"Ungeniambia." Hakusema kwa ugomvi, na afadhali angegomba.

"Niliogopa," mkewe alisema. "Kila siku unaniambia sizeeki. Nikaona macho yakipona utaona ulivyokosea. Nimekuacha unapofuka, mume wangu, kwa ajili ya mikunjo ya uso." Akalia, akiwa amesimama vilevile, mikono imening'inia.

Mzee hakumwambia kwamba si kitu, maana kilikuwa kitu. Alimvuta mkono akamkalisha karibu yake. Baadaye sana ndipo alipouliza hospitali ya macho inafunguliwa saa ngapi.

Upasuaji ulianza na jicho moja. Siku ya kufunguliwa bandeji, mkewe aliamka mapema, akasimama mbele ya kioo na kopo la poda mkononi. Akalirudisha bila kulifungua. Alikwisha kudanganya vya kutosha.

Muuguzi aliifungua bandeji taratibu, akamwonya mzee asilisugue jicho wala asilitoneshe, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mzee Picha alitazama shuka, akatazama mkono wake pande zote mbili. Akatazama ukuta mweupe kwa muda, kama hauamini. Halafu akamgeukia mkewe.

Alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama watu studio, bila haraka na bila aibu. Mkewe alivumilia. Vidole vyake vilihangaika na pindo la kitambaa cha kichwa.

"Nimezeeka," alisema, ili amsaidie.

"Umezeeka," mzee alikubali. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Alinyoosha mkono, akaligusa doa moja la shavuni. "Hili silijui. Na hili silijui. Hii mikunjo ya huku ni ya kucheka, naikumbuka ilipoanza. Hii nyingine imeingia lini?"

"Sijui. Iliingia tu."

Jicho lile jipya lilikuwa limejaa machozi, na muuguzi alikuwa ameonya lisisuguliwe.

"Miaka yote hii umezeeka peke yako," mzee alisema, "na mimi niko palepale mezani nachagua wino."

Akamwomba asogee dirishani, penye mwanga. Mkewe akasogea, akakishusha kitambaa mabegani, akatulia atazamwe.