Wote Hawajakubali

Ujumbe wa simu una maudhi yake, hasa ukiandikwa na mzee mwenye vidole vinene. Mzee Hesbon wa Myanga alimwandikia Jotham, kijana wa Kibomet kule Kitale aliyetaka kumwoa binti yake Nabwile, maneno matatu tu: "Wazee wote hawajakubali." Jotham akasoma, akaelewa kwamba hakuna hata mzee mmoja aliyekubali. Kufikia chai ya saa nne safari ya kwao ilikuwa imevunjika. Kondoo wa kupelekwa ukweni alirudishwa malishoni, na mjomba wake Kipkemei akavua koti alilokuwa akilijaribia safari, akarudi kwa vitunguu vyake mlimani. Na siku ya kujitambulisha ilikuwa Jumamosi, kesho kutwa!

Nabwile alipata habari akiwa kwenye maktaba ya chuo, Kibabii. Tasnifu yake ilihusu wanamantiki wa kale wa Ulaya, watu waliobishana karne nzima, Mungu awarehemu, juu ya neno "kila". Walifundisha kwamba ukisema "si wote", huenda amebaki mmoja tu; ukikana baada ya "wote", hujaacha mtu. Na penye shaka, shuka kwa mmoja mmoja: huyu, na huyu, na huyu, mpaka waishe. Lakini Kiswahili chetu cha huku bara, jamani! "Wote hawajakubali" tunaibebesha maana zote mbili, halafu kila mtu anasikia ile anayoiogopa.

Akamwomba Jotham asubiri, akapanda boda mpaka Myanga. Alimkuta baba yake uani akichambua maharagwe, akaanza kumuuliza mmoja mmoja. Baba mdogo Festus? Amekubali, tena ameshanunua kofia. Hillary? Amekubali. Barasa? Huyo alikubali hata kabla ya kuulizwa.

"Basi ni nani hajakubali, Baba?"

Mzee akaendelea kuchambua, ila sasa maharagwe mazuri yalikuwa yanaenda kwa mabovu.

"Ni mimi."

Nabwile aliuliza Jotham amekosa nini. Hajakosa kitu, mzee akasema. Kijana ni mzuri. Ila tangu mambo haya yaanze yeye ametumwa huku na huku kuwauliza ndugu zake, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza yeye, ati baba si anajulikana. Binti amemlea miaka ishirini na sita, halafu anahesabiwa tu ndani ya "wote". Ilimuuma, na alisema ilimuuma.

Nabwile aliona aibu. Akapiga magoti pale kwenye maganda.

"Baba, wewe unakubali?"

Mzee alichukua muda kufuta macho, akisingizia vumbi la maharagwe.

Jioni ile Jotham alipata ujumbe mwingine, mrefu safari hii: "Festus amekubali. Hillary amekubali. Barasa amekubali. Hesbon ameulizwa, amekubali. Leteni kondoo."