Adongo na Miaka Sita

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na sina wa kumsingizia. Jirani yetu Kanyiva, anayelea watoto kwenye meli za watalii, alikuwa likizo hapa mtaani Mowlem. Akafungua klabu ya watoto katika ukumbi wa kanisa na, kama kule melini, akawagawa kwa umri: wa miaka mitatu hadi mitano huku, sita hadi minane kule. Mtoto wa jirani mwingine, Ndete, akaenda kwa wakubwa. Sasa Adongo wangu wa miaka mitano akae na wadogo wanaofinyanga unga? Nikamfundisha nyumbani, "Ukiulizwa miaka, sema sita."

Kanyiva alipomuuliza mbele ya wazazi, mdomo ulisema sita, mkono ukaonyesha vidole vitano. Ukumbi mzima ukacheka. Adongo akanigeukia machozi yakimlengalenga. "Baba, nimekosea?"

Nikainama kukagua viatu vyangu kama mtu anayetaka kuvinunua. Lakini mimi na kunyamaza wapi! "Kanyiva, kwani hapa ni baharini? Mwaka mmoja tu utazamisha nini?"

Kanyiva akampangusa mtoto machozi. "Huyu kundi lake nimeshalijua, Baba Adongo. Wewe una miaka mingapi?"