Kikombe cha Mama Puu

Nimeanguka kwa malipo miaka arobaini na mbili. Wenzangu walisomea uuguzi, wengine ualimu. Mimi nilisomea kuanguka. Naingia jukwaani kama mama mkwe mwenye makuu, nimebeba sinia la vikombe vya chai. Hatua tatu za maringo, ya nne kisigino kinateleza, puu! Niko chini, miguu juu, sinia bado liko mikononi, na chai haijamwagika hata tone. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakaniita Mama Puu, na jina nililopewa na wazazi likabaki kwenye kitambulisho tu.

Kiongozi wa kikundi chetu alinifundisha sheria moja: lolote likikupata, kikombe hukitoi mkononi. Unaanguka nacho na unainuka nacho. Nimeishika sheria hiyo kuliko nilivyoshika ndoa yangu.

Kwa hiyo mwanangu aliponikuta sakafuni jikoni, nilifanya nilichozoea. Nikainua mikono kama niko mbele ya watazamaji, nikamwambia, "Nafanya mazoezi." Aliponikuta bafuni, nikasema hivyohivyo.

"Mazoezi ya onyesho gani, Mama?" akauliza. "Si umestaafu mwaka wa tisa huu?"

Nikauficha mkono kwenye khanga, maana kifundo kilikuwa kimevimba. Mwezi haukuisha nikajikuta kwenye makao ya wazee, chumba namba saba: kitanda chembamba, kabati lenye mlango usiofunga, dirisha linalotazama kamba za kuanikia mashuka. Nilimkasirikia mwanangu, sikatai. Siku nne nilimjibu kwa kichwa tu.

"Nikiwa kiwandani roho haitulii," aliniambia. "Simu ikilia nadhani ni jirani ananiita nikuokote."

"Basi zima simu," nikamjibu. Mtu mzima hovyo, lakini ndivyo nilivyosema.

Chumba ningekizoea. Kilichoninyima usingizi ni kiti cha magurudumu. Pale kila mgeni akitimiza wiki mbili hupimwa na mtaalamu wa viungo. Unabeba kikombe cha maji kutoka mezani hadi dirishani na kurudi, peke yako. Ukifaulu, unatembea utakavyo, hata bustanini. Ukishindwa, unapewa kiti na kitanda chenye vizuizi pembeni, na huendi popote bila kusukumwa. Nimewaona wa vitini. Wanaegeshwa asubuhi, na mchana unawakuta palepale. Mimi kiguu na njia tangu utoto, niegeshwe? Niliapa kwamba kiti kile sitakikalia.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa bwana mwenye upara, kalamu sikioni. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama, mimi simwogopi anayeanguka. Namwogopa anayeficha."

"Sina cha kuficha," nikamwambia, macho makavu kabisa.

Nikajifua. Kila asubuhi kabla nesi hajaleta dawa, nilijaza kikombe maji, nikatembea kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi, mara ishirini. Goti la kushoto lilikuwa linalegea bila taarifa. Nililitukana matusi ya jukwaani na mengine ya nyumbani. Wanasema mvumilivu hula mbivu, lakini mimi sikuwa na muda wa kungoja ziive.

Siku ya kipimo nikakuta habari zimenitangulia. Wazee wenzangu walikuwa wamepanga viti ukumbini kama wamekata tiketi. Mbele kabisa aliketi mwalimu mkuu mstaafu, ambaye alikuwa haachi kunikumbusha kwamba aliwahi kuniona jukwaani. Mwanangu alikuwa ameomba ruhusa kazini, akasimama kando ya meza. Na ukutani, kiti cha magurudumu kilikuwa tayari kinanisubiri.

Nilikwenda hadi dirishani bila tatizo. Niligeuka. Ndipo Mwalimu Mkuu alipopiga kelele, "Puu!" Wengine wakadakia kwa makofi, "Puu! Puu!"

Mwili una akili zake. Kabla sijafikiri, kiuno kilishaanza: hatua tatu za maringo, ya nne kisigino, puu! Nikawa chini, miguu juu, kikombe mkononi, maji yametulia. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Miaka tisa sijakisikia kicheko kile, na nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Kisha nikaona kalamu imetoka sikioni.

"Umeandika nini?" nikauliza kutoka sakafuni.

"Ameanguka."

"Nimejiangusha! Hebu tazama kikombe!"

"Mama, hapa kila mtu hujiangusha."

Nikamgeukia mwanangu. "Mwambie huyu. Mwambie mimi nikiwa kazini kikombe hakivunjiki."

"Ni kweli," mwanangu akasema. "Akiwa kazini hakivunjiki. Lakini kile cha bluu, Mama? Nilikikuta kwenye pipa la taka, vipande vitupu, umevifunga kwa gazeti. Siku ile ya jikoni."

Kicheko kikafa. Mwalimu Mkuu akaanza, "Mficha maradhi..." Nikamkata jicho, methali akaimalizia moyoni.

Nilikuwa na mzaha tayari ulimini, mzuri sana, ungewachekesha wote isipokuwa mmoja. Nikaumeza.

"Jikoni nilianguka," nikasema. "Bafuni pia. Na mara mbili nyingine hukuwepo. Goti la kushoto halinisikii tena, na niliona aibu kukwambia. Lakini leo sikuanguka, leo nilifanya kazi. Nipimeni tena."

Mtaalamu akanisaidia kuinuka. "Bila maringo," akasema.

"Bila maringo."

Sijawahi kufanya jambo gumu kama lile. Tangu usichana sikuwahi kutembea mbele ya watu bila kuwachekesha, hata sikujua mkono mwingine niuweke wapi. Nikafika dirishani, nikageuka, nikarudi hatua kwa hatua. Nilipokaribia kiti cha Mwalimu Mkuu, goti likaanza. Nazijua dalili zake: kwanza joto, halafu utupu. Zamani ningegeuza kisigino, wangecheka, na mimi ningekuwa nimeokoka. Meza ilikuwa hatua tano tu mbele yangu. Nikasimama.

"Mwanangu," nikaita, "pokea kikombe."

Alifika mbio. Akakipokea, nami nikamshika bega kwa mikono yote miwili. Yeye hakufundishwa sheria yetu: kikombe kiliinama, na maji yote yakanimwagikia miguuni.

Mtaalamu alifuta alichoandika, akaandika upya. Nikanyoosha shingo nisome: "Atembee kwa fimbo. Anajua kuita."

Kisha akampa nesi ishara. Nikiwa nimesimama palepale, miguu imelowa, nimeng'ang'ania bega la mwanangu, nilikitazama kile kiti kikisukumwa kurudishwa stoo, kitupu.