Wanaume Mia Mbili, Wanawake Kumi na Mmoja

Asteria, fundi cherehani wa Mbinga mjini, aliingizwa na rafiki yake Hilda kwenye kundi la WhatsApp la kutafuta wachumba. Wanaume mle walikuwa zaidi ya mia mbili, wengi madereva wa malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka. Wanawake kumi na mmoja.

"Huku sisi ni lulu," Hilda alimwambia.

Kufika mchana alikuwa na jumbe arobaini. Siku ya kwanza alitabasamu peke yake juu ya cherehani. Siku ya tatu zilimchosha: mambo mrembo, tuma picha nyingine, uko na nani. Akaamua kumuuliza kila mmoja swali lile lile: "Unatafuta mke, au wa kupoteza naye muda?"

Zaidi ya nusu walinyamaza. Wengine walijibu mke, kisha papo hapo wakamwita gesti.

Othmar, mjane mwenye shamba la kahawa Maguu, aliandika hivi: "Mke. Ila nisikufiche, nimewaandikia wote kumi na mmoja. Wewe peke yako ndiwe uliyejibu."

"Wote?"

"Ningefanyaje, dada? Tumejaa humu kama dagaa usipa kwenye wavu."

Asteria alicheka mpaka mama yake, Luisa, akauliza kulikoni. Asteria akaandikiana na Othmar wiki nzima, akamwelekeza hata duka lilipo, hadi alipomweleza wazi kwamba hataki kuacha duka lake akachume kahawa mlimani. Siku mbili Othmar hakuandika. Asteria akajisemea, huyu naye kaenda na wenzake, na akashangaa jinsi jambo hilo lilivyomuuma.

Siku ya tatu asubuhi, pikipiki ilisimama mlangoni pa duka. Mwanaume mrefu aliyejaa vumbi akavua kofia.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Luisa.

"Marahaba, baba. Karibu."

Othmar akamgeukia Asteria. "Sikupenda kujibu kabla sijafikiri. Shamba siliachi. Lakini Maguu si Ulaya, nitakuwa napanda na kushuka. Duka lako libaki."

Asteria aliweka mkasi chini. "Wakati wa mavuno nitakuja wiki mbili kusaidia. Zaidi ya hapo usiniombe."

"Sitaomba."

Luisa alikwishasogeza kiti na kumimina chai. Othmar akaketi, akanywa vikombe vitatu, na Asteria hakushika tena kazi mpaka adhuhuri.