Bibiana Hasimami Haraka

Bibiana alianguka katikati ya shamba la pamba la kijiji, jua likiwa la utosi, mbele ya kila mtu aliyeshika jembe. Alikuwa ameinama akipalilia. Aliponyanyuka ili anyooshe mgongo, macho yakaingia giza, masikio yakavuma, na fahamu zilipomrudia alijikuta amelala juu ya miche. Wanawake walikuwa wanampepea kwa kanga. Makarius, mwenyekiti wa kijiji, alisimama kando akiitazama miche iliyovunjika.

"Juzi ulianguka, leo tena," alisema. "Mama Danieli, hapa hatufugi kupe."

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa hapakuwa na tusi zito kuliko hilo. Kupe alikuwa mtu anayeishi kwa jasho la wenzake.

Kijiji chao cha Mshikamano, kando ya reli karibu na Mikumi, kilikuwa hakijatimiza mwaka. Bibiana na mumewe Timotheo waliteremshwa huko pamoja na majirani zao kutoka milimani, wakaacha nyumba na migomba yenye mikungu. Wengi walilalamika, kisha wakazoea. Bibiana hakulalamika. Aliacha kula, akaacha kuzungumza, mwishowe akawa anakaa ameegemea ukuta kutwa nzima, mwanawe Danieli akimvuta kanga naye hageuki. Mama mkwe wake, Bibi Fausta, alisema amelogwa. Wengine walinong'ona kwamba apelekwe Mirembe, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma.

Timotheo hakumpeleka Mirembe wala kwa mganga. Alipanda naye treni mpaka Kilosa, na huko daktari kijana aliyeitwa Lupakisyo akawasikiliza bila haraka.

"Huu ni ugonjwa wa huzuni," aliwaambia. "Una dawa. Ila haifanyi kazi kwa siku moja, kwa hiyo msikate tamaa."

Hawakukata tamaa. Asubuhi moja Bibiana alisikia harufu ya kitunguu kikikaangwa kwa jirani, akahisi njaa. Akaomba uji. Timotheo alitoka nje ili mkewe asimwone akilia.

Ndipo kizunguzungu kikaanza. Kila aliposimama kwa ghafla, giza. Na sasa ameanguka shambani.

Jioni hiyo Bibi Fausta alikuja kukaa karibu naye.

"Mwanangu, hivyo vidonge vitakuua. Viache."

"Mama, hivyo vidonge ndivyo vilivyonirudisha kwenu."

"Vimekurudisha ili vikuangushe?"

Timotheo, aliyekuwa akiwasikiliza, aliogopa mkewe asije akafa. Akakichukua kikopo cha dawa, akakificha. Wiki haikuisha, Bibiana akaanza kutetemeka na kukosa usingizi, na ule uzito wa kifuani ukamrudia. Alipojikuta tena ameegemea ukuta uleule, alijikokota mpaka uani, mumewe alikokuwa akichonga mpini.

"Baba Danieli, dawa yangu iko wapi?"

"Lakini unaanguka, mke wangu. Siku moja utaangukia jembe."

"Nikianguka shambani mnaniinua. Kule nilikokuwa, nani kati yenu aliweza kuniinua? Nipe dawa yangu. Kesho naenda Kilosa mwenyewe."

Alimpa. Alitaka pia kumsindikiza, lakini Bibiana alikataa. Akaenda kituoni Mikumi polepole, akapumzika kila alipoona kivuli.

Daktari Lupakisyo alimpima presha akiwa amelala kitandani, kisha akamwambia asimame, akampima tena. Akatikisa kichwa.

"Ukilala ni nzuri. Ukisimama inashuka sana. Dawa ndiyo inayofanya hivyo. Ulipaswa kuja mapema."

"Unataka kuniachisha?"

"Naweza."

"Usiniachishe, Daktari. Nitafutie namna ya kuishi nayo."

Daktari alimtazama, akavuta kiti. Alimpunguzia dozi, akamwambia aimeze yote wakati wa kulala badala ya kuigawa mchana kutwa. Anywe maji mengi. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, akunje ngumi, ndipo anyanyuke. Asisimame tuli juani. Akiona giza linakuja, akae chini hapohapo bila kumwonea mtu haya. Na asiiache tena dawa ghafla, hata akiambiwa na nani.

"Nikuandikie barua kwa mwenyekiti wako?" aliuliza.

"Hapana. Mdomo ninao."

Haukupita muda mrefu, kijiji kikapata mgeni, ofisa kutoka wilayani. Makarius alikuwa amewaagiza watu kwamba mgeni akitokea, wote wasimame mara moja na kuimba. Gari lilipofika, watu wakasimama kwa kishindo. Bibiana, aliyekuwa amekaa kwenye gogo, akakunja ngumi, akachezesha miguu, akasubiri. Wimbo ulikuwa unaelekea mwisho alipoanza kunyanyuka, na watu walipoketi yeye akabaki peke yake wima, mkono begani kwa Timotheo.

Makarius aliona aibu mbele ya mgeni wake. "Ndugu, utusamehe. Mama huyu ana dharau. Hata kazini ni hivyohivyo."

"Sina dharau, ndugu mwenyekiti," Bibiana alisema. "Nasimama, ila sisimami haraka. Niliugua ugonjwa wa huzuni, nyote mliniona. Nakunywa dawa, na dawa inanishusha presha nikinyanyuka ghafla."

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Wa Mirembe huyo."

"Aliyesema Mirembe asimame," Bibiana alisema. "Yeye si anaweza kusimama haraka?"

Watu walicheka, wakatafutana kwa macho. Hakuna aliyesimama.

"Mnaniita kupe. Palizi nitafanya asubuhi, kabla jua halijawa kali. Pamba ikivunwa nipeni kazi ya kuichambua, nitaifanya nikiwa nimekaa. Nikishindwa, ndipo mniite hivyo. Dawa siachi."

Mgeni alimgeukia Makarius. "Pamba yenu anachambua nani?"

"Wazee, ndugu."

"Basi wamepata msaidizi. Tuendelee."

Makarius hakumwomba radhi, siku ile wala baadaye. Wapo walioacha kuomba moto nyumbani kwa Bibiana, kana kwamba ugonjwa wake ungewarukia. Bibiana aliwasalimia vilevile kila asubuhi, akipita na jembe begani kabla yao. Bibi Fausta hakuvisifu vidonge hata mara moja, ila alianza kumwekea kibuyu cha maji karibu na kitanda. Msimu ulipofika, Bibiana alichambua pamba pamoja na wazee, nyeupe huku, yenye madoa kule, na jioni alirudi kwa miguu yake. Alianguka tena mara moja, kisimani, akapasua mtungi na kuchubuka kiwiko. Alikaa chini mpaka giza likapita, akaenda kuazima mtungi mwingine.

Siku moja Naanyu, mama wa Kimasai aliyekuwa akiwauzia maziwa, alibaki uani baada ya wateja wengine kuondoka.

"Dada yangu hasemi," alisema. "Tangu azae. Mtoto analia, yeye anatazama tu. Wanaume wanasema tumwache. Nilisikia ulivyosema siku ya mgeni."

"Anakula?"

"Kidogo sana."

Bibiana aliweka chini ungo wa pamba. Alikaa kidogo, akakunja ngumi, kisha akanyanyuka.

"Mlete kesho Mikumi, kituoni, na mtoto wake. Nitakwenda nanyi Kilosa."

"Na wakikataa asipande treni?"

"Waje waniambie mimi," alisema Bibiana, akaingia ndani kutafuta kanga safi ya safari.