Maziwa ya Baba Yatasubiri

Ng'ombe wetu mwekundu alipokauka maziwa, baba alianza kutembea.

Mimi ndiye niliyeona kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliyemwamsha kila asubuhi. Tangu ugonjwa wa kutetemeka umshike, nilimketisha kitandani, nikamvalisha viatu, nikamvuta mikono yote miwili mpaka mguu ukubali kunyanyuka. Siku ile nilimpa dawa yake kwa chai ya rangi, maana maziwa hayakuwepo. Baadaye kidogo nikasikia kikohozi chake nje. Alikuwa amesimama kwenye lango la zizi, peke yake, anapapasa shingo ya ng'ombe.

Sikumwambia mtu. Niliangalia tu. Wiki zikapita, baba anavuka korongo hadi kwa jirani na kurudi, anamtania mama kwamba siku hizi yeye ndiye mzee.

Kisha ng'ombe akazaa. Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ilipokwisha, mama alimjazia baba kikombe kikubwa, asubuhi, mchana na jioni, pamoja na vidonge. Hospitali walikuwa wamesema dawa ikimchefua ameze na kitu. Kwetu Tumati, kitu ni maziwa. Mgonjwa asiyepewa maziwa ni mgonjwa aliyetupwa.

Siku ya tatu baba alikakamaa tena. Sauti yake ikashuka, ikabidi tuiname kumsikia.

Harusi ya dada yangu Zita ilikuwa imebaki siku kumi. Kabla bibi harusi hajatoka nyumbani, baba yake husimama uani na kuongoza slufay, baraka za Kiiraqw. Yeye anarusha maneno, watu wanaitikia. Baba alikuwa akiitwa mpaka Endagikot kwa ajili ya slufay. Zita alikuwa amesema wazi, "Baba asiposimama, sitoki."

"Utatoka," alisema baba mdogo Yonas. "Nitasimama mimi. Sauti ya kaka imekwisha, na hivyo vidonge navyo vimechoka. Mwacheni apumzike."

Baba alisikia yote. Aliangalia magoti yake.

Ndipo nikasema, "Ni maziwa."

"Maziwa yamefanya nini?"

"Hayapatani na dawa."

Baba mdogo alicheka akashika ukuta. "Jamani, tumepata daktari wa zizini! Darasa la tano hakumaliza, sasa anamnyima baba yake maziwa!"

Lakini kesho yake nilipanda basi la Mbulu kwenda hospitali pamoja na mama na baba.

Daktari alikuwa dada mmoja wa Dongobesh, anaitwa Hadiya.

"Shikamoo daktari," nilisema.

"Marahaba. Mzee anaendeleaje?"

Mama alianza kueleza, kisha akanigusa kiwiko. "Sema wewe. Wewe ndiye unayejua."

Niliongea nikiangalia sakafu. Nilisema habari ya ng'ombe kukauka, chai ya rangi, baba kuvuka korongo hadi kwa jirani, ng'ombe kuzaa, siku ya tatu. Nilipomaliza nilifikiri nimeharibu.

"Verediana, niangalie," alisema Hadiya. "Seli za ubongo hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya, kama korongo kati ya nyumba yenu na ya jirani. Seli ikitaka mguu unyanyuke, inamwaga kemikali kidogo kwenye ule mwanya. Ya ng'ambo inaipokea, inapeleka habari mbele. Kemikali moja inaitwa dopamini. Seli za baba yako zinazoitengeneza zimepungua. Mguu wake haujafa. Unasubiri kuambiwa."

"Na vidonge?"

"Vinaupa ubongo kitu cha kutengenezea dopamini. Ila kitu hicho kinaingia kwa mlango uleule unaopitisha protini ya maziwa."

"Kama lango letu," nilisema. "Ng'ombe wakibanana, ndama anabaki nje."

Kalamu yake ilisimama. "Nani amekufundisha hivyo?"

"Ng'ombe."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Hata uso wa baba, uliokuwa umekauka kama ubao, ulitikisika. Hadiya alituagiza: dawa kwa maji au chai ya rangi, maziwa na nyama baada ya saa nzima. Na vidonge visiachwe ghafla hata siku moja.

Asubuhi ya harusi nilimpa baba dawa saa tatu na nusu. Kufika saa nne ua ulikuwa umejaa. Baba alikaa kwenye kiti, mkono unatetemeka, miguu bado imekakamaa. Zita alichungulia dirishani na shela lake.

Baba mdogo akaja na kibuyu cha maziwa. "Kaka, kunywa upate nguvu ya kukaa. Nitaanza mimi."

Wageni wote wanatazama. Kukataa maziwa mbele ya wageni ni aibu. Baba alinyoosha mkono kupokea.

Nilisimama katikati yao. "Baba mdogo, yasubiri."

"Toka hapo, mtoto!"

"Sitoki. Dawa iko langoni. Ipe nafasi ipite."

Nilikuwa sijawahi kusema kwa sauti kubwa namna ile mbele ya watu. Shangazi mmoja akashika mdomo. Baba mdogo alimgeukia baba ili amwamuru mtoto wake, na baba akarudisha mkono mapajani.

"Tutasubiri," alisema.

Tulisubiri. Watu walikohoa, mbuzi akalia. Nikaona kisigino cha baba kikigonga ardhi, mara moja, mara mbili. Akashika mikono ya kiti. Sikumvuta. Alisimama mwenyewe, akapiga hatua nne hadi katikati ya ua, akainua fimbo.

"Binti yangu anatoka!"

"Na atoke salama!" watu wakaitikia.

"Ng'ombe wake wazae!"

"Wazae!"

"Nyumba yake isikose moto!"

Sauti ile ilivuka korongo. Ng'ambo, kwa jirani, kuna mtu aliitikia kutoka shambani kwake. Zita alitoka mlangoni akilia na kucheka.

Baba alipokwisha alirudi kwenye kiti kwa miguu yake. "Verediana! Saa imefika?"

Niliangalia simu. "Saa tano kasoro dakika kumi, baba. Imepita."

"Basi sasa nitakunywa."

Nikageuka kutafuta kibuyu. Baba mdogo alikuwa bado amekishika kwa mikono miwili. Alinikabidhi mimi, nikampa baba.