Dizeli ya Safari Fupi

Muuzaji wa magari aliuliza swali dogo tu. "Mama, kwa siku unaendesha kama umbali gani?"

Mama huyo, mpima macho, akayatazama magari kwanza. Walikuwa wamesimama katikati ya magari mawili makubwa yaliyofanana kama mapacha, yote meusi, yote ya viti saba. La kushoto lilikuwa la petroli, la kulia la dizeli. Jua liliwaka juu ya maboneti, na yadi nzima ilinuka tairi mpya.

Jibu la kweli lilikuwa fupi mno. Kutoka nyumbani kwake hadi chumba chake cha kupimia macho, wimbo ukianza redioni anafika kabla mwimbaji hajamaliza kulalamika. Jioni hurudi kwa njia ile ile. Jumapili gari hulala. Mumewe alifariki mwaka juzi, wanawe wawili wako ng'ambo na maisha yao, na lile gari lao la zamani lilikuwa likimbeba yeye na mkoba wake tu hadi injini ilipokata roho.

"Mbali," akasema. "Tena mbali sana. Nina wajukuu, unajua tena mambo ya watoto. Kuwapeleka shule, kuwarudisha, mwisho wa wiki kwa shangazi wa baba yao. Gari halipumziki."

Wajukuu anao kweli. Huwaona kwenye simu, nao humwambia, "Bibi, geuza simu, tunaona sikio lako tu."

"Basi hapo hatuna mjadala," muuzaji akasema kwa furaha. "Safari ndefu ni dizeli. Inavuta, haili sana mafuta, na ukiibebesha familia nzima wala haihemi. Petroli ni ya mtu wa hapa na pale, washa zima, washa zima. Mtu huyo mimi simuuzii dizeli, atajitafutia balaa."

Mtu wa hapa na pale. Maneno yale yalimkaa vibaya. Marehemu mumewe alikuwa mpima ardhi, mtu wa barabara za vumbi na matangi ya akiba, na watu wa petroli aliwaita watu wa kwenda sokoni. Mpima macho akaligonga la kulia kwa kiganja. "Hili," akasema.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kisha taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, na gari likaanza kujikokota kwenye kile kilima kidogo cha kwenda kwake. Akalipeleka gereji. Fundi akachomeka kipimo chake chini ya usukani, akasoma, akakuna kidevu.

"Mama, gari zima kabisa. Tatizo ni kwamba halitembei."

"Linatembea kila siku, fundi."

"Wapi na wapi?"

Akamwambia. Fundi akacheka, lakini si kwa dharau. "Hapo hata injini haijapata joto. Dizeli inatoa masizi, kuna chujio la kuyashika, na yale masizi hayaungui mpaka gari likimbie muda mrefu likiwa moto. Wewe unalipasha tu na kulizima. Hakuna mtu mwingine wa kulitoa safari?"

"Hakuna mtu mwingine," akasema, na kujisikia akisema hivyo kulimshtua kuliko ile taa.

"Basi kila wiki lipeleke barabara kuu, saa nzima bila kusimama. La sivyo, kalibadilishe uchukue la petroli."

Jumapili akavaa kama mtu mwenye mahali pa kwenda, akaingia barabara kuu. Mashamba yakapita, shule zilizofungwa zikapita, malori yakampigia honi na kumpita. Akasimama kwenye kituo cha mafuta asichokijua, akanywa chai akiwa amesimama. Mhudumu akamwuliza, "Safari ya wapi, mama?"

"Nageuzia hapa," akajibu.

Wiki iliyofuata alifanya vivyo hivyo, na mhudumu hakuuliza tena. Jumapili ya tatu, taa ikiwa bado inawaka, alikiona kibao cha mji mdogo anakoishi wifi yake, dada wa marehemu. Hawakuwa wamesemeshana tangu mazishi. Wifi alipata habari za ugonjwa wa kakake mwishoni kabisa, na pale kaburini alisema mbele za watu kwamba amefichwa ndugu yake. Mpima macho akapunguza mwendo, akakata kona kabla hajapata muda wa kujishauri.

Wifi alikuwa uani akianua nguo. Alimtazama, shuka mkononi. "Kuna msiba?"

"Hapana, wifi. Ni gari tu. Lina masizi, fundi kasema nilitembeze."

Wifi akacheka kwa ghafla, kicheko kile kile cha kakake, kisha kikakatika. "Kwa hiyo umeletwa na masizi."

"Ndiyo."

"Lingekuwa la petroli usingekuja."

Alitafuta uongo wa kusema, akachoka kabla hajaupata. "Nisingekuja."

Wakaketi jikoni. Chai ikamiminwa, ikapoa. Hatimaye mpima macho akasema, "Yeye mwenyewe ndiye alisema usiambiwe."

"Najua. Namjua ndugu yangu. Hilo nililimeza zamani." Wifi alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kitambaa cha meza. "Lililonikaa ni baadaye. Nilingoja simu yako, wifi. Nikangoja, nikaacha."

"Nilidhani hutaki kunisikia."

"Sikutaka. Lakini ungepiga."

Walipoagana getini, wifi aliliangalia lile gari jeusi kutoka bampa hadi bampa. "Siku nyingine," akasema, "usije kwa ajili ya hili."

Njiani ile taa ya njano ilizimika yenyewe. Hakufurahi. Alifika nyumbani, akawasha taa za vyumba vyote, kisha akazizima moja moja.

Wiki ile ile alirudi yadi. Muuzaji alimkumbuka. "Hawajambo wajukuu?"

"Wako ng'ambo. Naishi peke yangu. Naenda kazini, narudi. Nataka la petroli."

Muuzaji akatazama viatu vyake. "Mama, si ungeniambia tu siku ile."

"Sikuweza," akasema.

Jumapili iliyofuata gari jipya lilikuwa uani, halidai kitu. Aliosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Alipanga gazeti. Hakuna aliyemtuma popote, na angeweza kukaa ndani hadi Jumatatu bila mtu yeyote kujua. Akachukua mkoba, akatoka, akaingia garini na kugeuza ufunguo. Kimya. Akadhani halijawaka, akageuza tena, likakwaruza vibaya. Lilikuwa linanguruma muda wote, ila taratibu mno, kama mtu anayepumua chumba cha pili. Akakaa akilisikiliza kidogo. Kisha akatoka getini, na kwenye njia panda akashika barabara kuu.